Katika Mchezo Hakuna Mabomu

Mahindi ya mbegu yalikuwa mekundu kwa dawa. Natalia aliyaosha, maji yakatoka na rangi ya damu ya kuku, akayamwaga mbali na nyumba, kule ambako mtoto hakuwa na desturi ya kuchezea. Akayaosha tena. Maji yaliyofuata yalikuwa ya waridi, kisha yakabaki na ukungu tu. Aliendelea kuosha hata pale ambapo hakuona rangi tena, kwa kuwa alichokiogopa hakikuwa na rangi.

Gunia lilikuwa na maandishi kwamba hiki si chakula cha binadamu, na chini ya maandishi picha ya fuvu kwa ajili ya wasiojua kusoma. Natalia alijua kusoma. Alimtupia kuku wake punje chache, akakaa kizingitini kumtazama. Kuku alikula, akafuta mdomo mchangani, akaenda zake kuparua majivu. Jua lilipohamia upande wa pili wa paa na kuku bado mzima, Natalia akateleka chungu.

Hii ilikuwa Likwambi, makazi ya wakimbizi wa Msumbiji, mbele ya Mpitimbi ukielekea mpakani, mwanzoni mwa mwaka tisini na tatu. Tangu amani ilipotiwa sahihi huko walikokimbia, posho ilikuwa ikiondoka taratibu, kama mtu anayeaga msibani: kwanza maharage, kisha mafuta, kisha unga ukawa nusu. Mkuu wa makazi, Bwana Tadei, aliwaambia kwamba wahisani wamechoka. Mbegu zililetwa mvua ikiwa imeshafika katikati, wakati wa kuzipanda ukiwa umeshapita. Chakula hakikuletwa.

"Hodi hapa."

Alikuwa Stumai, binti wa Kiyao kutoka Tunduru, aliyekuwa akifanya kazi za mkataba na ofisi ya utamaduni mjini Songea. Alikuwa ameegemeza baiskeli kwenye ukuta wa matofali mabichi. Alitazama chungu, akatazama gunia, akayahamisha macho.

"Karibu," Natalia alisema. "Bado hayajaiva."

"Asante dada, nimeshakula." Stumai alichuchumaa. "Kuna mwalimu amekuja kutoka chuo kikuu, Dar es Salaam. Ila ni mtu wa hapa hapa, Mngoni, mama yake anakaa Bombambili, pale mjini. Anafanya utafiti kwa michezo ya kuigiza. Hamtaulizwa maswali ya karatasini kama ya wale wa mwaka juzi. Mnaigiza maisha yenu, yeye anajifunza. Nimempa jina lako."

"Kwa nini langu?"

"Kwa sababu siku ile ya ugomvi wa bombani ulimwiga Bwana Tadei mpaka waliokuwa wakipigana wakaachana." Stumai alitabasamu kidogo. "Na kila anayekuja anapewa mche wa sabuni."

Natalia alikoroga chungu. Sabuni hakuwa nayo tangu Krismasi.

*

Walikutania ghalani. Ghala la posho lilikuwa tupu kiasi kwamba mtu akikohoa kikohozi kilizunguka kuta zote na kumrudia. Mwalimu Hironimus alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye miwani na viatu vya turubai, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuvua viatu hivyo na kuketi sakafuni pamoja nao. Aliwasalimia kwa Kingoni, kisha kwa lugha yao ya Kinyasa, akibabaisha, na wazee wakacheka kwa jinsi alivyokosea.

"Hapa hakuna mwalimu," alisema. "Hapa sote ni wachezaji. Yatakayosemwa ndani ya mduara huu ni mchezo, na hakuna atakayeulizwa nje. Kuna sheria moja tu. Mtu yeyote, hata bibi Lidwina, hata mimi, akiona mchezo unasema uongo, apige makofi mara mbili aseme 'Simama.' Mchezo utasimama. Aingie yeye aonyeshe ukweli ulivyo."

Ilikuwa sheria ngeni. Mwanzoni hakuna aliyethubutu. Lakini siku ya pili walipoigiza foleni ya posho, bibi Lidwina, jirani yake Natalia, mzee ambaye mgongo wake ulikuwa umepinda kama mpini wa shoka, alipiga makofi. Alisimamisha mchezo, akamnyang'anya kijana aliyekuwa mpimaji kopo la kupimia, akageuza kitako chake juu na kupima unga kwa upande ule wenye kina kifupi. Watu walipiga kelele za furaha. Mwalimu alicheka hadi akavua miwani.

Tangu hapo Natalia alianza kuzisubiri siku za ghalani. Alikuwa na mwili unaosikia; akiambiwa awe askari mabega yake yalibadilika kabla ya uso. Mwalimu alimwita Mama Rose, kwa jina la mwanawe, na alikuwa akimuuliza maoni yake mbele ya watu wazima wanaume. Wakati mwingine baada ya mchezo walikaa kwenye ngazi za ghala, yeye na Mwalimu na Stumai, wakila muhogo wa kuchoma. Mwalimu alimweleza jinsi mshahara wa chuo siku hizi usivyofika katikati ya mwezi, jinsi wenzake wanavyofuga kuku wa mayai na kuuza maandazi, na kwamba utafiti huu, uliogharimiwa na shirika la nje, ndio uliomwokoa. Natalia alimhurumia. Hakuwahi kudhani kwamba mtu mwenye miwani ana jambo la kuhurumiwa.

Kisha ikaja siku ambayo Mwalimu alileta kamera ya video, akaisimamisha juu ya miguu yake mitatu kwenye kona.

"Leo," alisema, "nionyesheni siku ya kurudi nyumbani."

Otto, aliyekuwa fundi seremala huko kwao na ambaye hapa alikuwa hana mbao, aliinama akitazama vidole vya miguu yake.

"Kule kuna mabomu, Mwalimu," alisema mmoja. "Yamo ardhini. Vita imekwisha, mabomu hayajaambiwa."

"Najua. Lakini huu ni mchezo. Katika mchezo hakuna mabomu. Yatoeni. Chukulieni kwamba nchi ni safi. Nataka kuona ndoto yenu tu."

Hakuna aliyenyanyuka. Ndipo Natalia akasimama.

Hakujua kwa nini. Labda ni kwa sababu alikuwa ameshachoka kuota peke yake. Alijifunga mtoto wa hewa mgongoni, akajitwisha mzigo wa hewa, akatembea. Alivuka mto, akapandisha nguo hadi magotini, akasikia ubaridi. Alifika kwenye uwanja wa mama yake, yule mama aliyeachwa nyumbani miaka ile kwa sababu miguu yake haikuweza kukimbia, akapiga magoti, akafagia kwa viganja. Aliita. Bibi Lidwina, bila kuambiwa na mtu, alijikokota hadi katikati ya mduara na kuitika. Natalia alimwangukia miguuni. Alichukua vumbi la sakafu ya ghala, akajipaka usoni na kulia kwa sauti ambayo hakuwahi kuitoa tangu alipovuka, na ghala zima likalia naye, Stumai akalia, Mwalimu akalia akiwa ameinamia kamera yake.

Baadaye, watu walipokuwa wakipenga kamasi, Natalia alipiga makofi mara mbili.

"Simama," alisema. "Mchezo huu umesema uongo. Nataka sasa tuigize ule wa kweli."

Alimtazama Otto. Otto alitikisa kichwa. Natalia alizidi kumtazama, na mwishowe Otto akanyanyuka, kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyekuwepo siku ile. Kabla ya Krismasi, Amedeus, mume wa Natalia, alikuwa amekwenda ng'ambo ya mto, Msumbiji, na Otto kuona kama amani ni ya kweli. Walikwenda wawili. Otto alirudi, akasema maneno machache mlangoni kwa Natalia, na tangu siku ile hakulizungumzia tena jambo hilo.

Sasa alitembea sakafuni mwa ghala, mguu mbele ya mguu, kama mtu aliye juu ya gogo. "Nilikuwa mbele," alisema. "Nilimwambia akanyage nilipokanyaga. Akaona muhogo umejiotea pembeni. Akasema, ngoja ning'oe mmoja tule." Alinyoosha mkono upande wa muhogo usiokuwapo. Alilala chini, akajikunja, akaonyesha jinsi Amedeus alivyolala, na jinsi yeye Otto alivyokaa njiani akimsikiliza hadi alipoacha kuita, bila kuweza kwenda kumshika, kwa sababu hakujua pengine pa kukanyaga.

Taa ndogo nyekundu ya kamera ilikuwa ikiwaka. Natalia aliiona. Mwalimu alikuwa ameweka kiganja juu ya mdomo wake.

"Hili," alisema, "hili ndilo watakaloliona. Nakuahidi, Mama Rose."

*

Mwezi wa sita waliitwa mjini. Lori liliwachukua alfajiri, likawashusha mbele ya ukumbi uliopakwa chokaa mpya. Ndani kulikuwa na wageni kutoka Dar es Salaam na kutoka nje, wakubwa wa mkoa, na Bwana Tadei ndani ya suti ya kijivu ya mtumba ambayo mikono yake ilimzidi urefu. Wachezaji walipewa soda na keki nyuma ya pazia. Natalia hakuinywa soda yake, alitaka kumpelekea mtoto; lakini walisema chupa lazima zirudi.

Mwalimu alikuja kwa haraka. Alikuwa amevaa tai.

"Tutacheza kurudi nyumbani tu," alisema. "Muda umebana."

"Na la Otto?"

"La Otto limo kwenye ripoti."

"Mwalimu, la kurudi bila la Otto ni uongo."

"Si uongo, Mama Rose. Ni nusu. Nusu ya pili nitawaeleza mwenyewe, kwa mdomo, kwa lugha yao." Alimgusa bega. "Niamini. Wale watu mbele pale ndio wenye uamuzi. Wakilia, tumeshinda."

Otto alikuwa ameketi juu ya kreti, amevaa shati aliloazimwa, tayari. Alisikia yote. Alianza kufungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, kana kwamba alikuwa nyumbani na kazi imekwisha.

Natalia aliingia jukwaani. Taa zilimchoma macho. Alitembea, akavuka mto, akapandisha nguo, na mwili wake uliokuwa ukisikia ukasikia safari hii harufu ya manukato na vumbi la mapazia. Wageni walikuwa wameegemea mbele. Alipofika kwenye uwanja wa mama yake, bibi Lidwina akiwa tayari ameinua mikono kumpokea, Natalia alisimama wima. Akapiga makofi mara mbili.

"Simama," alisema.

Bibi Lidwina alishusha mikono.

"Hapa hapaendeki," Natalia aliwaambia watu wa ukumbini. "Mume wangu amefia njia hii. Ardhi ile imetegwa mabomu. Mwenzangu yuko nyuma ya pazia, ameona kwa macho yake. Muiteni."

Waliojua Kiswahili walizitazama soda zao. Mkubwa mmoja wa mkoa alikohoa na kuangalia saa. Mzungu mmoja, mama mwenye nywele nyeupe, alimgeukia Mwalimu Hironimus aliyeketi pembeni yake kama mkalimani, akamuuliza jambo. Natalia alimwona Mwalimu akivua miwani na kuishika mkononi. Kisha akaivaa, akainama sikioni mwa yule mama, akazungumza kwa upole. Yule mama aliweka mkono kifuani. Macho yake yalijaa machozi. Akaanza kupiga makofi, na wengine wakamfuata, hadi ukumbi wote ukawa unapiga makofi na Natalia hakuweza tena kusikika.

Jioni, kwenye lori, alisogea karibu na Stumai. Barabara ya Mpitimbi ilikuwa na mashimo na walilazimika kushikana.

"Wewe unajua Kiingereza. Alimwambia nini?"

Stumai alifunga ushungi wake vizuri zaidi.

"Stumai."

"Alisema umezidiwa na hisia." Lori liliruka, wakagongana mabega. "Alisema mume wako yuko ng'ambo. Kwamba unamlilia kwa sababu unataka kumfuata."

Natalia alimwachia Stumai mkono, akashika ubao wa lori.

"Na wewe ulikuwa umekaa mstari wa tatu," alisema. "Ulinisikia. Ulimsikia."

"Ningemwambia nani, dada? Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Wamesema huenda wakauongeza."

*

Uliongezwa. Miezi miwili baadaye Stumai alirudi Likwambi na gari jipya, jenereta, na shuka jeupe lililotundikwa kwenye ukuta wa nje wa ghala. Watu wote wa makazi waliitwa. Bwana Tadei alitangaza kwamba posho itafungwa mwezi wa kumi, na kwamba serikali pamoja na wahisani wamefurahi kuona jinsi wakimbizi wenyewe, kwa hiari yao, walivyoonyesha hamu ya kurudi kwao. Hii si amri, alisema. Hili ni jibu la ombi lenu.

Halafu wakawasha. Juu ya shuka alionekana Natalia. Alikuwa mkubwa kuliko nyumba. Alivuka mto, akafagia kwa viganja, akajipaka vumbi usoni, na muziki ambao hakuna aliyewahi kuusikia ghalani ukapigwa juu ya kilio chake. Mtoto wake, Rosemary, aliyekuwa mapajani mwake, alinyoosha kidole na kusema, "Mama yule." Picha ilipofika pale ambapo Natalia wa kwenye shuka alipaswa kupiga makofi na kusema Simama, ilikatika. Yakaja maandishi.

Watu hawakupiga kelele. Waligeuka mmoja mmoja kumtazama aliyeketi kati yao. Mwanamke mmoja aliyefika kutoka upande wa pili wa makazi, ambaye hakuwahi kuingia ghalani na hakujua lolote juu ya makofi mawili, alimwinamia na kusema kwa sauti ya chini, "Walikupa nini?"

Bibi Lidwina alitaka kumjibu. Natalia alimshika mkono.

Wiki hizo hizo vijana wa kupima ardhi walikuja na mnyororo. Walipigilia vigingi vyenye vichwa vyeupe katikati ya mashamba, kimoja ndani ya machamba ya Natalia, kama wenyewe walivyoita shamba kwa lugha ya kwao, pale ambapo yeye na Amedeus walikuwa wameng'oa visiki kwa mikono mwaka wa kwanza. Alikwenda ofisini kwa Bwana Tadei.

"Nimeshalima matuta, mkuu. Nasubiri mvua tu."

"Umelima matuta kwenye shamba la watu," Bwana Tadei alisema, si kwa ukali. "Siku hizi ardhi inatafutiwa mwenye uwezo. Kuna bwana anataka kuweka tumbaku hapa mpaka kule bondeni. Ataajiri watu. Wananchi."

"Sijaomba kuondoka."

"Mama, wewe?" Bwana Tadei aliweka kalamu chini na kumtazama kwa mshangao ambao haukuwa wa kujifanya. "Watu wengine wote wanaweza kuniambia hivyo. Wewe nilikuona kwa macho yangu. Nililia."

*

Alitembea hadi Mpitimbi, akaomba nafasi juu ya magunia kwenye lori la mahindi, akafika Bombambili jua likiwa utosini. Nyumba ya mama yake Mwalimu aliionyeshwa na muuza mkaa. Ilikuwa ikiongezwa vyumba viwili. Mafundi walikuwa juu wakipigilia mabati yanayong'aa kiasi cha kuumiza macho. Mama mzee alikuwa barazani akichambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali, unaonekana. Kaa. Hironi, una mgeni."

Mwalimu alitoka ndani akiwa na penseli sikioni na vumbi la saruji kwenye suruali. Alipomwona alisimama. Halafu aliagiza soda dukani kwa jirani, akamtolea kiti kizuri, mwenyewe akaketi kwenye ngazi.

"Nimesikia kwamba wanaanza mwezi wa kumi," alisema.

"Nimekuja uwaambie."

"Niwaambie nini?"

"Ulichokiona. Otto alilala chini mbele yako. Kamera ilikuwa inawaka."

"Mama Rose, niliandika yote mawili. Naapa. Ripoti niliyowapelekea ilikuwa na sura nzima ya Otto. Wakairudisha wakasema sura hiyo inatoka nje ya swali. Swali lilikuwa kama watu wana hamu ya kurudi. Ndilo waliloligharamia."

"Na pale ukumbini? Pale hapakuwa na ripoti. Palikuwa na sikio la mtu na mdomo wako."

Juu yao fundi aliacha kupigilia, akatafuta msumari mwingine mdomoni mwake, akaendelea. Mama mzee aliendelea kuchambua, lakini taratibu zaidi.

"Walikuwa wanakaribia kunifungia kazi," Mwalimu alisema. "Ningesema vile, wangepata mwingine, angekuja na maswali yake ya karatasini, angeandika hayo hayo. Angalau mimi niliwapa sauti."

"Ulinipa sauti," Natalia alisema. Hakuwa akiuliza.

Mwalimu alijifuta mikono kwenye suruali. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka, na ilikuwa na kitu kama lawama.

"Uliigiza vizuri mno. Ndilo tatizo. Ungeigiza kama wengine, kwa aibu, kwa kukosea, wasingeamini. Ulipojipaka lile vumbi... yule mama mzungu aliniambia hajaona kitu kama kile maisha yake yote."

Natalia aliiweka chupa ya soda sakafuni, imejaa. Aliinuka. Mama mzee naye aliinuka, akaingia ndani, akatoka na gauni la kike la mtumba na kipande cha sabuni kwenye mfuko wa plastiki, akamwekea mikononi bila kumtazama mwanawe.

"Siwezi kukurudisha mikono mitupu," alisema.

Natalia alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama inavyotakiwa kwa mkubwa. Alikuwa amefika kwenye kituo cha malori alipotambua kwamba ameshukuru.

*

Malori yalikuja mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Stumai alikuwa pale, amevaa fulana nyeupe ya shirika na kofia yake, akiita majina ya kaya kupitia kipaza sauti. Alipofika kwa Natalia alikishusha kipaza sauti, akaita kwa mdomo wake tu. Natalia alipita mbele yake na mtoto mgongoni. Waliosema hawataki kwenda hawakulazimishwa. Waliambiwa tu kwamba bomba la maji litafungwa, na kwamba baada ya siku ile atakayekutwa hapa atakuwa ni mtu asiye na kibali. Vijana wachache walikimbilia vijijini kwa jamaa. Natalia hakuwa na jamaa.

Walivushwa mto kwa mitumbwi. Ng'ambo lori jingine lilikuwa likisubiri, na liliwapeleka kwa mwendo wa kobe juu ya barabara nyekundu, gurudumu juu ya alama ya gurudumu lililopita. Pande zote mbili ulikuwa umefungwa utepe mwekundu kwenye vijiti. Mahali pengine utepe ulikuwa umekatika, na hapo dereva alishikilia usukani kwa mikono miwili. Jua likiwa linaelekea kushuka lori lilisimama. Hapakuwa na kibao wala nyumba.

"Ni hapa," alisema mwanamume mwenye fulana kama ya Stumai. Aliwagawia kila kaya turubai, gunia dogo la unga, na jembe jipya lililopakwa mafuta. "Kijiji chenu ni hapa. Ila msitoke barabarani. Hata hatua moja. Kuna watu wa mashine za kupima, watakuja kusafisha."

"Lini?" Otto aliuliza.

"Wako kusini. Wakimaliza kusini watakuja huku."

"Na tulime wapi?" Natalia aliuliza.

Yule mwanamume alilitazama jembe lililokuwa mkononi mwa Natalia, kana kwamba yeye ndiye aliyelileta. "Kwa sasa, mama, pumzikeni. Mmefika nyumbani."

Lori halikuwa na mahali pa kugeuzia. Lilirudi kinyumenyume kwenye alama zake lenyewe, msaidizi wa dereva akitembea nyuma yake akipiga bodi kwa kiganja, hadi likapotea kwenye kona.

Watu walitandika maturubai barabarani, moja likifuata jingine, familia nyuma ya familia, kama mstari ulioandikwa. Walikoka moto kwa vijiti vilivyookotwa kwenye mfereji wa barabara na si zaidi ya hapo. Kutoka alipokaa, Natalia aliweza kuona, umbali wa kuita mtu akasikia, mahali palipoinuka kidogo ambapo paa la nyumba ya mama yake lilikuwa limeanguka ndani ya kuta. Nyasi zilikuwa zimefika juu ya madirisha. Shamba la mama yake liliteremka kutoka pale hadi karibu na utepe; ardhi yake nyeusi, nzuri, imepumzika miaka mingi, na migomba miwili ikiwa bado imesimama ndani yake imezaa. Ndizi za mkungu mmoja zilikuwa zimeiva, ndege walikuwa wakizila.

"Mama," Rosemary alisema. "Nataka haja."

Natalia alitazama kushoto, halafu kulia. Mbele palikuwa na turubai la Otto, nyuma la bibi Lidwina, na baada yake mengine na mengine hadi macho yalipokoma. Mtoto alikuwa amebana miguu, akiruka ruka.

"Hapa hapa," Natalia alisema.

Alivua kanga yake ya juu, akaishika kwa pembe mbili na kuitandaza mbele ya mtoto kama ukuta. Haikutosha, aliyekaa upande wa pili bado angeona. Lakini barabara nzima, mmoja baada ya mwingine, watu waligeuza nyuso zao kwa adabu, wakawa wanatazama mashamba.